Amebadilika na Hawezi Kueleza: Namna ya Kumsaidia Mwenye Ulemavu wa Akili Aliyepatwa na Kiwewe

Wazazi, walimu wa vitengo vya elimu maalumu na hata maafisa ustawi wa jamii huuliza jambo moja kila mara: mtu mwenye ulemavu wa akili akibakwa, akipigwa au akifiwa, ushauri nasaha utamsaidia nini? Maneno hana, au anayo machache. Tarehe hazijui. Mnasihi atakaa naye wazungumze nini?

Utamsaidia, tena sana, ilimradi mnasihi akubali kubadili namna yake ya kufanya kazi. Haja nayo ni kubwa. Uchambuzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wa akili au matatizo ya afya ya akili wako katika hatari ya kufanyiwa ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya watoto wasio na ulemavu. Na ndio hao tunaoambiana kwamba ushauri nasaha hauwafai.

Haya yafuatayo ni ya kufanya nyumbani, shuleni na katika chumba cha mnasihi. Nitayataja pia makosa ya kila siku, kwa sababu mengi hufanywa na watu wanaompenda sana mhusika.

## Usikimbilie kusema "ndivyo alivyo"

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kumtafuta mnasihi. Kijana anaanza kujipiga kichwa ukutani, nyumba nzima inasema ni ule ulemavu wake. Wataalamu nao hukosea hivyohivyo. Mwaka 1982, huko Marekani, mwanasaikolojia Steven Reiss na wenzake walionyesha kuwa dalili zilezile ambazo wataalamu wangeziita ugonjwa kwa mtu mwingine, kwa mwenye ulemavu wa akili walizipuuza.

Usimpime kwa jirani wala kwa ndugu zake. Mpime kwa alivyokuwa yeye mwenyewe miezi iliyopita. Shtuka unapoona:

- Alikuwa anajua kwenda chooni, sasa anajikojolea au kujinyea.
- Alikuwa anasema maneno machache, sasa kanyamaza.
- Anakataa kuvuliwa nguo au kuogeshwa, au anavaa nguo mbili tatu juu ya nyingine.
- Anamkimbia mtu fulani, njia fulani, chumba fulani, bodaboda fulani.
- Halali, anaweweseka, au analala mchana kutwa.
- Anajiuma, anajikwaruza, anapiga wadogo zake.
- Anaigiza kwa mdoli au kwa mtoto mwingine mambo ya kingono ambayo hakuna aliyemfundisha.
- Ameacha kula, au anakula kwa pupa na kuficha chakula.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Nunua daftari. Kila tukio andika siku, saa, alikuwa na nani, nini kilitangulia, nini kilimtuliza. Wiki mbili za daftari hilo zitamwambia mnasihi mambo ambayo maswali yake yasingeyapata.

Wakati huohuo mpeleke hospitali apimwe mwili. Jino linalouma, sikio lenye usaha, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, kifafa kisichodhibitiwa au dawa iliyobadilishwa vinaweza kumfanya mtu asiyeweza kusema apige na kuuma. Itakuwa dhuluma kumpeleka kwa mnasihi mtu anayelia kwa jino.

Na wanaosema ni pepo? Kama familia inasali au inasoma dua, isali. Lakini tiba yoyote inayomfunga kamba, inayompiga, inayomnyima chakula au kumfukiza moshi hadi apaliwe ni ukatili wa pili juu ya ule wa kwanza. Ikatae hata kama anayeitoa anaheshimika mtaani.

## Maumivu tusiyoyahesabu

Tukisikia kiwewe tunawaza ubakaji au ajali. Mwenye ulemavu wa akili huumizwa pia na mambo ambayo sisi tunayaona ya kawaida: kufungiwa chumbani wageni wanapokuja, kuitwa zuzu au taahira mbele ya darasa, kuchapwa kwa kushindwa jambo asiloliweza, kuhamishwa usiku mmoja kutoka kwa bibi kwenda kwa shangazi bila mtu kumweleza.

Msiba ndio unaosahaulika kuliko yote. Mama anafariki, watu wanasema, "Mwambieni kasafiri, hataelewa." Anapelekwa kwa jirani hadi matanga yaishe. Kisha anakaa barazani kila jioni akimngoja mama, siku ikipita hasira inapanda, na watu wanashangaa amekuwaje. Fanyeni hivi:

- Mwambieni siku hiyohiyo, na amwambie mtu anayemwamini.
- Tumieni maneno yaliyonyooka: "Mama amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena. Hatarudi." Msiseme amelala, ataogopa kulala. Msiseme amesafiri, atangoja.
- Awepo msibani. Pale ambapo wanawake hawaendi makaburini, binti amwone marehemu kabla hajatolewa na akae na waombolezaji. Baadaye apelekwe kuliona kaburi ikiwa desturi ya familia inaruhusu.
- Apewe kitu cha kushika: picha, kanga ya mama, kikombe chake.
- Mrudieni maneno yaleyale kila atakapouliza. Atauliza mara nyingi.

## Akikueleza kwamba amefanyiwa ukatili

Saa za mwanzo huamua mengi: afya yake, kesi yake, na kama atamwamini mtu tena. Pengine hatasema kwa sentensi. Atakuonyesha kidole, atalitaja jina na kulia, atakataa kukaa.

1. Tuliza uso wako. Ukipiga kelele au kulia sana, ataona amekukosea na atanyamaza.
2. Msikilize na uyaandike maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto au ya matusi.
3. Uliza kidogo na uache nafasi: "Niambie." "Halafu?" "Ilikuwa wapi?" Usimtajie jina la mtu, usiulize "Ni mjomba, siyo?" Wengi wa ndugu zetu hawa wamezoea kuitikia ndiyo ili kumridhisha mkubwa. Jibu la namna hiyo litambomoa mahakamani, na linaweza kumtia hatiani asiyehusika.
4. Mwambie wazi: "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Wewe huna kosa."
5. Usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie utawaambia watu watakaomsaidia.
6. Kama ni ukatili wa kingono, mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kuzuia mimba kwa dharura kunawezekana ndani ya siku 5. Asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi; kwenye plastiki huvunda na ushahidi huharibika.
7. Toa taarifa. Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na uchukue fomu ya PF3. Kenya, ni kituo cha polisi na fomu ya P3. Kama kuna kituo cha mkono kwa mkono karibu, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja Zanzibar au cha Amana Dar es Salaam, anzia hapo, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja.

Saa 72 zikiwa zimepita, nenda vilevile. Bado kuna magonjwa ya kutibu, mimba ya kuangalia na mtu wa kuzuiwa asirudie.

Jambo la kuepuka kuliko yote ni kumsimulisha upya kila mara. Mama amuulize, bibi amuulize, mwalimu mkuu amuulize, mjumbe wa nyumba kumi amuulize, ndipo afike polisi. Kila anaposimulia anayapitia tena, na maelezo yanabadilika kidogo kidogo hadi wakili wa upande wa pili apate pa kushika. Chagueni mtu mmoja wa kuongozana naye kote.

## Usalama kwanza, kikao baadaye

Ushauri nasaha hauwezi kumponya mtu ambaye jioni anarudi kulala nyumba moja na aliyemuumiza. Mnasihi, swali lako la kwanza kwa familia liwe: "Huyo mtu yuko wapi sasa?" Mara nyingi jibu ni gumu, kwa kuwa ni baba wa kambo, binamu, mwalimu, dereva anayemchukua shuleni.

Hapa ndipo familia huomba kuyamaliza nyumbani. Wazee wanakaa, mtu analipishwa mbuzi au fedha, aibu inafunikwa. Nasema wazi: huko ni kumruhusu aendelee. Ametozwa faini tu, na mlango bado uko wazi.

Ipo njia nyingine ya kujidanganya, na inafanywa kwa nia njema. Wazazi huomba binti yao achomwe sindano ya uzazi wa mpango "kwa usalama". Sindano hiyo haimzuii mbakaji wala haizuii VVU. Inazuia tu mimba ambayo ingewafumbua macho, na ukatili unaweza kuendelea miaka bila mtu kujua. Binti anaweza kuhitaji uzazi wa mpango kwa sababu zake mwenyewe, baada ya kuelezwa na kukubali. Kama ulinzi, haufai hata kidogo.

## Namna ya kuendesha kikao

Mnasihi, mengi uliyofundishwa bado yanafaa. Punguza kasi, punguza maneno, ongeza vitu vya kuona na kushika.

Kabla hajaingia. Siku iwe ileile, saa ileile, chumba kilekile, kiti kilekile. Mwonyeshe chumba kikiwa kitupu, aone choo kilipo na mlango unavyofunguka. Asikae akiwa amezibwa njia ya kutoka. Muulize mlezi ni nini kinachomtisha: harufu ya pombe, sauti ya kiume, kufungwa kwa kitasa, koti jeupe. Kisha kiondoe.

Ridhaa. Usiichukue kwa mama peke yake. Mweleze yeye mwenyewe wewe ni nani, mtafanya nini, na nani ataambiwa. Usiulize "Umeelewa?" kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie, "Nionyeshe utafanya nini ukitaka kuondoka." Akiinuka na kwenda mlangoni, ameelewa, na siku atakapofanya hivyo kweli mwache aende.

Muda. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa wengi, hata vikao viwili kwa wiki mwanzoni. Chora ratiba ya kikao kwa picha tatu: kusalimiana, kazi, kunywa uji. Akimaliza moja aifute. Asiyesoma saa anaelewa "baada ya uji".

Kadi ya kusimamisha. Mpe kadi nyekundu au kitambaa, mfanye mazoezi ya kuinua. Akiinua, unanyamaza papo hapo, hata ukiwa katikati ya neno. Mtu ambaye "hapana" yake ilipuuzwa anahitaji kuiona ikitiiwa. Msipuuze zoezi hili, kwa maoni yangu lina nguvu kuliko mazungumzo mengi.

Lugha. Wazo moja kwa sentensi moja. Uliza, kisha ngoja. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia swali, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Epuka mafumbo na methali. Maswali ya "kwa nini" yaache, yanasikika kama lawama. "Lini" nalo ni gumu: uliza ilikuwa wakati wa mvua, wakati wa Idi, shule ilipofungwa.

Hisia. Anza na nyuso tatu tu: furaha, hofu, hasira. Chora umbo la mwili kwenye karatasi kubwa, aweke rangi pale hofu inapokaa. Wengine wataweka tumboni, wengine kooni. Hapo mmeanza kuzungumza, hata kama hakuna neno lililotamkwa.

Kutuliza mwili. Hili lije kabla ya simulizi yoyote. Mfundishe kupuliza chai ya moto: ashike kikombe cha kufikirika, avute harufu kwa pua, apulize polepole ipoe. Asukume ukuta kwa mikono miwili. Ajifunike kanga nzito mabegani mwenyewe. Usimguse bila kumuuliza, hata kwa huruma. Rudieni kila kikao na mlezi arudie nyumbani, hadi aweze kufanya bila kuambiwa.

Simulizi, kama yupo tayari. Hakuna sheria inayosema lazima ayasimulie yote ili apone. Akitaka, tumieni picha. Daktari wa magonjwa ya akili Sheila Hollins alianzisha Uingereza mwaka 1989 mfululizo wa vitabu vya picha bila maandishi kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, Books Beyond Words, na vya mwanzo vilihusu kufiwa na baba na mama. Huhitaji kuviagiza ili kuanza. Picha za simu na michoro ya vijiti zinatosha kutengeneza kitabu chake: kabla, kilichotokea, aliyenisaidia, sasa niko wapi. Ukurasa wa "sasa niko wapi" uwe mrefu kuliko nyingine.

Kufunga. Kikao kimalizike kwa jambo analolipenda, lilelile kila mara. Na ushauri wote unapokaribia kwisha, anza kuagana naye wiki kadhaa kabla, kwa kalenda anayokata siku. Ukitoweka ghafla, umemfanyia kile kilekile alichofanyiwa na wengine.

## Mashaka ninayoyasikia

*"Atasahau tu, msimkumbushe."* Anaweza kusahau jina la siku na bado mwili wake ukakumbuka harufu ya yule mtu. Kutolitaja jambo hilo hakumsahaulishi, kunamwacha peke yake nalo.

*"Mlezi akae ndani au nje?"* Muulize yeye. Wengine hawatulii bila mama. Lakini tengeni dakika chache za yeye na mnasihi peke yao, mlango ukiwa nusu wazi, kwa sababu mlezi anayejibu kila swali humfunika, na mara nyingine mlezi ndiye tatizo.

*"Mnasihi wetu hajawahi kumhudumia mtu wa namna hii."* Mwite mwalimu wa elimu maalumu akae naye saa moja. Mwalimu anajua ishara na picha anazotumia mwanafunzi wake. Mnasihi anajua kiwewe. Msimfukuze mtu mlangoni kwa sababu kila mmoja ana nusu ya ujuzi.

*"Wilayani kwetu hakuna mnasihi."* Basi fanyeni lile mnaloweza: ratiba ya siku isiyobadilika, mtu mmoja anayeaminika, zoezi la kupuliza chai, daftari, na kumwondoa aliyemuumiza. Vyama vya wazazi navyo husaidia, kama ZAPDD kwa Zanzibar na KAIH kwa Kenya.

*"Ushahidi wake hautakubaliwa."* Msimkatie tamaa kabla ya hakimu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inaruhusu mtu mwenye ulemavu wa akili atangazwe shahidi anayehitaji ulinzi na atoe ushahidi kupitia msaidizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaka nchi ziweke taratibu zitakazowawezesha kushiriki mahakamani. Dai utaratibu huo mapema, kwa maandishi, kupitia mwendesha mashtaka.

## Kumfundisha kukataa

Tangu wadogo tunawafundisha kutii: kaa, simama, msalimie mjomba, mpe mkono. Mtoto mtiifu kwa kila mkubwa ndiye anayetafutwa na mkatili. Mfundisheni majina halisi ya sehemu zote za mwili. Mfundisheni nani anaweza kumsaidia kuoga na nani hawezi. Na akikataa kukumbatiwa na mgeni, mwacheni, msimwambie hana adabu. Heshima ya salamu inaweza kutolewa kwa mdomo.

## Neno kwa mzazi

Utajilaumu. Utasema ungebaki nyumbani siku ile. Tafuta nawe mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu mwanao anausoma uso wako kuliko maneno yako, na safari hii ni ya miezi. Atapiga hatua, atarudi nyuma wakati wa kesi, atasonga tena.

Kama kuna aliyebadilika nyumbani kwako, anza daftari leo, mpeleke akapimwe, na usingoje uhakika ndipo uombe msaada. Kwa mtoto, namba 116 ni bure, Tanzania na Kenya. Kwa mtu mzima aliyefanyiwa ukatili, piga 1195 ukiwa Kenya, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto ukiwa Tanzania.